Makombo ya jikoni na mtambo wa majitaka: maji machachu, molasi, biogesi au kusaga na kumwaga?

Hoteli, chuo au hospitali yenye mtambo wake wa majitaka, iwe Arusha au Moshi, ina mizigo miwili ya kuondoa kila siku: majitaka yenyewe na ndoo za makombo. Wazo la kuunganisha mizigo hiyo ni zuri na lina msingi wa kisayansi. Bakteria wanaosafisha majitaka wanahitaji kaboni, na makombo yamejaa kaboni. Lakini makombo yaleyale yakiingia tangi sahihi yanashusha nitrati, yakiingia tangi la jirani yanapandisha bili ya umeme, na yakiingia septiki yanaita gari la kunyonya kabla ya wakati wake.

Njia zinazolinganishwa hapa ni nne: kuchachusha makombo na kutumia maji yake machachu, kutumia molasi badala ya makombo, kupeleka makombo kwenye biogesi, na kuyasaga na kuyamwaga kwenye bomba. Hesabu zote ni za mtambo wa kati, wa mita za ujazo 10 hadi 200 za majitaka kwa siku.

Msimamo wetu tunautoa mapema. Usichague njia kabla hujajua mtambo wako una upungufu gani. Mtambo wenye nitrati nyingi na kaboni kidogo utasaidiwa na maji machachu au molasi. Mtambo usio na tatizo hilo usipewe kaboni ya ziada hata kidogo, na makombo yake yaende kwenye biogesi.

Je, kaboni imepungua kweli?

Amonia ya kwenye mkojo hugeuzwa kuwa nitrati ndani ya tangi linalopulizwa hewa. Kila gramu 1 ya nitrojeni inayogeuzwa hula gramu 4.57 za oksijeni na hupunguza ukali-besi wa maji (uwezo wake wa kuzuia pH isishuke) kwa gramu 7.14. Baada ya hapo, kwenye tangi lisilopulizwa hewa, bakteria wengine huvuta oksijeni iliyofungwa ndani ya nitrati, na nitrojeni huondoka kama gesi. Hao ndio wanaohitaji kaboni. Kwa nadharia wanahitaji gramu 2.86 za COD (kipimo cha uchafu wote unaoweza kuunguzwa, kwa oksijeni ambayo ungekula) kwa kila gramu 1 ya nitrojeni, lakini kwa vitendo panga gramu 4 hadi 6, kwa kuwa sehemu ya chakula hicho hujenga miili yao. Kazi hiyo pia hurudisha gramu 3.57 za ukali-besi kwa kila gramu ya nitrojeni, yaani nusu ya ulichopoteza. Mtambo ambao pH yake inashuka kila mara mara nyingi unaugua ugonjwa huohuo wa nitrati isiyoondolewa.

Majitaka yanayoingia yakiwa na COD mara 8 au zaidi ya nitrojeni yote, kwa kawaida hakuna haja ya kuongeza chochote. Yakishuka chini ya mara 5, nitrati itabaki.

Kabla ya kununua pipa hata moja, tazama kilichopo kabla ya mtambo. Sehemu nyingi zilianza na septiki, halafu mtambo wa kupuliza hewa ukafungwa baada yake. Septiki huondoa theluthi moja au zaidi ya BOD (kipimo cha uchafu unaoliwa na bakteria) lakini nitrojeni inaiacha ipite karibu yote, kwa hiyo mtambo unapokea mkojo usio na chakula. Dawa ya kwanza haina gharama ya kila siku: chepusha robo hadi theluthi ya majitaka mabichi yapite kwenye chekecheo tu, yaingie moja kwa moja tangi lisilopulizwa hewa. Ukifanya hivyo na nitrati ikashuka, kazi imekwisha, na sehemu inayofuata kwako ni ile ya biogesi.

Kama huna uhakika, fanya jaribio la chupa mbili. Chukua lita 2 za mchanganyiko wa maji na tope kutoka mwisho wa tangi la hewa, ugawe kwenye chupa mbili za lita 1. Subiri dakika 10 hadi 15 bakteria wamalize oksijeni iliyomo. Pima nitrati kwa karatasi za kupimia. Chupa ya kwanza iache kama ilivyo. Ya pili itie mililita 2.5 za maji machachu yenye COD ya gramu 40 kwa lita (sirinji ya duka la dawa inatosha), kisha zungusha chupa zote mbili taratibu kila baada ya dakika chache bila kuzitikisa, ili hewa isiingie. Dozi hiyo ni miligramu 100 za COD, inayotosha kuondoa takriban miligramu 20 za nitrojeni. Kwenye tope lenye afya kazi hiyo huchukua dakika 60 hadi 120.

Nitrati ikishuka kwenye chupa ya pili pekee, kaboni ndiyo iliyokosekana. Ikishuka kwa kasi kwenye zote mbili, kaboni ipo na tatizo ni tangi: hakuna muda wa kutosha bila hewa, au maji hayachanganywi. Isiposhuka popote, tafuta sumu (klorini ya usafi ndiyo mshukiwa wa kwanza) au tope lililokonda mno.

Jambo moja kwenye karatasi za maabara linaharibu hesabu za watu wengi. Kanuni za Tanzania za ubora wa maji za 2007 zinataka majitaka yaliyosafishwa yasizidi BOD miligramu 30 kwa lita, COD 60 na nitrati 20. Uliza maabara kama wameandika nitrati kama NO3 au kama nitrojeni yake, maana miligramu 20 za NO3 ni 4.5 tu za nitrojeni. Ukichanganya hapo, hesabu yako ya kaboni itakosea zaidi ya mara nne. Si suala la karatasi tu pia: Themi ya Arusha na Karanga ya Moshi zote zinaelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, na maji yakisimama bwawani nitrojeni na fosforasi hugeuka mwani.

Mfano tutakaoutumia

Hoteli yenye majitaka mita za ujazo 40 kwa siku inataka kushusha nitrojeni ya nitrati kwa miligramu 20 kwa lita. Hiyo ni gramu 800 kwa siku. Kwa gramu 5 za COD kwa kila gramu, inahitaji kilo 4 za COD.

Ongeza kinachoibiwa na oksijeni. Kama mita za ujazo 80 za maji hurudishwa kila siku kutoka tangi la hewa zikiwa na oksijeni miligramu 3 kwa lita, zinaingiza gramu 240 za oksijeni, na kila gramu inaunguza takriban gramu 2.5 za COD. Kilo 0.6 imepotea bila kugusa nitrati. Jumla ni kilo 4.6. Kupunguza hewa mwishoni mwa tangi hadi oksijeni ifike miligramu 1 hadi 1.5 kunaokoa nusu au zaidi ya hasara hiyo, na umeme pia.

Maji machachu

Makombo mchanganyiko ya jikoni yana vitu vikavu asilimia 20 hivi, mengine ni maji, na kilo 1 mbichi hubeba takriban gramu 240 za COD. Ukiyachachusha, kiasi cha gramu 100 huyeyuka na kuwa chakula cha haraka: asidi ya laktiki, asidi ya asetiki na nyinginezo fupi. Maji haya pia yanaleta nitrojeni yake, gramu 1 hivi kwa lita, nayo inahitaji kaboni yake. Ukijumlisha vyote, hoteli yetu inahitaji lita 130 za maji machachu kwa siku, zinazotokana na makombo kilo 65 na maji lita 95. Kilo 30 hivi hubaki kama machicha baada ya kukamua.

Kazi inakwenda hivi. Katakata makombo yawe vipande visivyozidi sentimita 2. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe inatosha. Jaza pipa la plastiki la lita 200 hadi lita 160, uache nafasi ya povu. Tia lita 15 za maji machachu ya jana kama hamira. Siku ya kwanza kabisa tumia lita chache za samadi ya ng'ombe iliyokorogwa. Funika kwa kifuniko chenye mpira mwembamba unaoishia ndani ya chupa ya maji, ili gesi itoke na hewa isiingie. Usikaze pipa bila njia ya gesi, kwa sababu mchachuko hutoa kaboni dioksidi na hidrojeni, na pipa lililozibwa hupasuka. Hidrojeni inawaka, kwa hiyo mapipa yakae nje, penye hewa, mbali na jiko. Koroga mara mbili kwa siku. Siku ya nne chuja kwa wavu wa milimita 1. Unahitaji mapipa manne kwa zamu: moja linajazwa, mawili yanachachuka, moja linatumika.

Siku tatu ni za Moshi, au Arusha ya Januari. Julai Arusha, usiku ukishuka hadi nyuzi 12 au 13, panga siku tano hadi sita na ongeza mapipa, au weka mapipa karibu na ukuta wa chumba cha boila.

Mchachuko mzuri unanuka uchachu kama uji wa ulezi uliolala, na pH iko kati ya 3.5 na 4.5. Watu wengi wakiona 4 wanakimbilia chokaa. Kama lengo ni nitrati, acha. Asidi ya laktiki inaliwa vizuri na bakteria wa nitrati, na lita 130 ndani ya lita 40,000 hazishushi pH ya tangi. Chokaa ina kazi yake pale unapotaka kuondoa fosforasi kwa njia ya bakteria. Hao wanataka asidi ya asetiki na propioniki, na mchachuko hutoa hizo kwa wingi pH ikishikiliwa kati ya 5.5 na 6.5. Panga miligramu 7 hadi 10 za COD ya asidi hizo kwa kila miligramu 1 ya fosforasi, na maji yaingie tangi lisilo na oksijeni wala nitrati. Ndiyo maana nitrati hutangulia kushughulikiwa: ikiwepo, itakula asidi yote kabla bakteria wa fosforasi hawajaigusa. Usipitishe 6.5, kwa kuwa hapo vijidudu wa methani huanza kuamka na kula asidi uliyoitengeneza.

Nini kiingie pipani? Wali, ugali, viazi, mkate, ndizi mbivu, maembe, mapapai, tikiti, na machicha ya mbege kama yapo jirani. Vyote hivi ni wanga na sukari, vinayeyuka haraka na vina nitrojeni kidogo. Nyama, samaki na maharage vina protini nyingi, maana yake unaleta amonia wakati unapigana na nitrati. Robo ya mchanganyiko inavumilika, nusu haifai. Maparachichi yanahitaji uangalifu hapa kwetu, kwa kuwa jikoni yanachukuliwa kama tunda huku ndani yakiwa mafuta: tope linaelea, povu zito la kahawia linafunika tangi. Mafuta ya kukaangia yaishie kwenye mtego wa mafuta, na utando wa mafuta unaoelea pipani siku ya kwanza ukwanguliwe. Maganda ya ndizi mbichi, ambayo jikoni za Kilimanjaro zinatoa kwa malundo, yana utomvu na nyuzi ngumu ambazo siku tatu hazizigusi. Yape ng'ombe au lundo la mboji. Maganda ya kahawa nayo yaache, tanini yake inawalemea bakteria.

Sasa dozi. Maji machachu yaingie tangi lisilopulizwa hewa, karibu na kichanganyio, kidogokidogo kwa siku nzima. Tangi la juu lenye koki ya matone linafanya kazi kama pampu ndogo ya dozi, ila kagua koki kila asubuhi kwa kuwa huziba. Wageni wanaoga na kwenda chooni zaidi kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, kwa hiyo tegemea nitrati kupanda saa chache baadaye na uweke matone mengi kipindi hicho. Ukiyamwaga kwenye tangi la hewa, yanaungua tu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na maji yake hubeba oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo blowa (mashine ya kupuliza hewa) inayohangaika tayari itazidiwa. Moshi upungufu ni karibu asilimia 10.

Anza na robo ya dozi kwa wiki nzima, kisha nusu, kisha robo tatu. Nitrati ikigonga sifuri umepita kipimo. Dalili za kuzidisha ni COD ya maji yanayotoka kupanda, tope kuwa jeusi, na harufu ya mayai viza. Tope likianza kugoma kutulia, pima: chukua lita 1, iache dakika 30, gawa mililita za tope lililotulia kwa gramu za tope kavu katika lita hiyo. Zaidi ya 150, bakteria wa nyuzinyuzi wanatawala. Punguza dozi na ongeza oksijeni kwenye tangi la hewa.

Mipaka miwili ya njia hii isisahaulike. Wa kwanza ni wa mtambo ambao tangi lisilo na hewa liko mwanzoni. Ukirudisha maji mara 3 ya yanayoingia, hutashuka chini ya robo ya nitrati yote, hata umwage makombo ya Arusha nzima. Hapo unaongeza pampu ya kurudisha maji, si chakula. Wa pili ni wa mtambo ambao tangi hilo liko mwishoni, baada ya hewa. Nitrojeni ya lita 130 za maji machachu, takriban gramu 130, itatoka ikiwa amonia kwa sababu imekosa hewa ya kuigeuza. Ni miligramu 3 hivi kwa lita. Kwenye mpangilio huo, molasi inashinda bila ubishi.

Molasi

Molasi ni mabaki ya kiwanda cha sukari, na mkoa wa Kilimanjaro una kiwanda cha TPC kusini ya Moshi mjini. Nusu ya uzito wake ni sukari, na kilo 1 ina takriban kilo 0.9 ya COD. Hoteli yetu inahitaji kilo 5 hadi 6 kwa siku, yaani lita 4 hivi. Linganisha na lita 130.

Kazi yake ni ndogo: changanya sehemu 1 ya molasi na sehemu 10 za maji ili ipite kwenye koki, tengeneza ya siku moja tu kwa sababu iliyochanganywa huchacha, na funika dumu vizuri kwa ajili ya nyuki na siafu. Nitrojeni yake ni kidogo, ubora wake haubadiliki leo na kesho, na dozi inarekebishwa kwa dakika. Hasara zake ni mbili. Unainunua, wakati makombo yako bado yanangoja gari la taka. Na sukari tupu hupendwa na bakteria wa nyuzinyuzi kuliko asidi fupi, kwa hiyo dozi ikizidi tope linafura upesi zaidi. Rangi ya kahawia ya maji yanayotoka pia hupanda kidogo. Mkaguzi akiuliza, ndiyo sababu yake.

Kama una uwezo wa kununua, anza na molasi kwa mwezi mmoja hata kama unapanga maji machachu baadaye. Inakuonyesha kwa usafi kama kaboni ndiyo iliyokuwa inakosekana, bila kuchanganya na matatizo ya mchachuko.

Biogesi

Hapa makombo hayasafishi majitaka, na ni vizuri kulikubali hilo tangu mwanzo. Methani inayotoka ni kaboni uliyoiondoa. Nitrojeni inabaki kwenye tope la biogesi. Kilo 65 za makombo zina gramu 390 hivi za nitrojeni, na zaidi ya nusu hugeuka amonia ndani ya mtambo. Ukirudisha tope hilo kwenye majitaka unaongeza takriban miligramu 6 za nitrojeni kwa lita bila kaboni ya kuziondoa. Tope la biogesi liende shambani, kwenye migomba na mahindi. Kwa kihamba cha migomba na kahawa ni mbolea ya maana.

Faida yake ni nishati. Kilo 65 zina kilo 12 hivi za vitu vinavyooza. Bila kupasha moto, tegemea mita za ujazo 5 hadi 7 za gesi kwa siku, sawa na kilo 2.5 hadi 3 za gesi ya mtungi. Mtungi wa kilo 15 unabaki dukani kila siku tano au sita.

Ukubwa: panga kilo 1 ya vitu vinavyooza kwa kila mita ya ujazo kwa siku, yaani mita za ujazo 12, ukichanganya makombo na maji mara mbili. Maji hukaa humo siku 60 hivi. Mafundi wa mtambo wa kuba wa matofali si wa kutafuta mbali, maana CAMARTEC, kituo cha teknolojia vijijini kilichoanzishwa 1981, kiko Arusha na kimefundisha ujenzi huo kwa miaka mingi. Waambie wazi kwamba chakula chako ni makombo, si samadi tu. Samadi husamehe makosa ambayo makombo hayasamehi.

Kosa la kwanza ni haraka. Jaza mtambo kwa samadi, subiri gesi iwake vizuri, ambayo huchukua wiki tatu hadi sita, kisha anza na makombo kilo 10 kwa siku na ongeza kilo 10 kila wiki. Ukiingiza kilo 65 siku ya kwanza, asidi inatangulia methani, pH inashuka chini ya 6.5 na mtambo mzima unachacha. Dalili ya mapema ni gesi kuendelea kutoka huku moto ukidhoofika na kuzimika, kwa sababu kaboni dioksidi imezidi. Simamisha makombo siku tatu hadi saba na uingize samadi. Endelea kuweka samadi, hata theluthi moja ya mchanganyiko, miaka yote: makombo peke yake yana upungufu wa madini kama nikeli na kobalti ambayo vijidudu wa methani hawaishi bila hayo.

Kosa la pili linaonekana kwenye majengo mapya: bomba lote la majitaka kuelekezwa kwenye biogesi. Mita za ujazo 40 kwa siku zinapita mtambo wa mita 12 kwa saa saba hivi. Vijidudu wa methani wanahitaji siku nyingi kuzaliana, kwa hiyo wanaoshwa wote. Tope la septiki lililokolea ni sawa. Maji ya bafu na dobi hapana. Chumvi nayo hapa ina maana zaidi, kwa sababu haizimuliwi mara 300 kama kwenye tangi la majitaka. Mwaga mchuzi wa chumvi na maji ya achari kwanza.

Kusaga na kumwaga

Mashine ya kusaga chini ya sinki inauzwa kama suluhisho safi. Kwa mji wenye mfereji mzuri na mtambo mkubwa inaweza kufaa. Kwa septiki ni mzigo mtupu: chembe zinatulia, tope linajaa, mafuta yanaganda kwenye bomba. Kwa tangi la hewa unalipa umeme kuchoma kilo 15 na zaidi za COD kwa siku wakati ulihitaji 4.6.

Kwa mabwawa ya kutulizia majitaka, swali ni nafasi. Bwawa la pili, lenye mwani juu, huvumilia takriban kilo 250 za BOD kwa hekta kwa siku pale mwezi wa baridi una wastani wa nyuzi 20, na karibu 200 pale wastani ni nyuzi 17. Moshi iko karibu na namba ya kwanza, Arusha karibu na ya pili. Bwawa likipita hapo linageuka kijivu au zambarau na majirani wanajua kabla yako. Na kama bomba lako linaingia mtandao wa mamlaka ya maji, usisage chochote bila kibali chao.

Kwa hoteli yetu ya mita za ujazo 40

| | Maji machachu | Molasi | Biogesi | Kusaga |
|---|---|---|---|---|
| Kinachoingia kwa siku | makombo kilo 65, maji lita 95 | kilo 5–6 | makombo kilo 65, maji lita 130, na samadi | makombo kilo 65 |
| Vifaa | mapipa 4, wavu, koki | dumu na koki | kuba la mita za ujazo 12 au zaidi | mashine |
| Nitrati | inashuka | inashuka | haishuki | bahati nasibu |
| Kazi ya mtu | saa 2 hivi | dakika 15 | saa 1 hivi | kidogo |
| Nishati | hakuna | hakuna | gesi mita za ujazo 5–7 | inakula umeme |
| Kinachobaki | machicha kilo 30 | hakuna | tope la mbolea | tope zaidi la kunyonya |

Chuo au hospitali yenye septiki na shamba: biogesi, na wala usihangaike na mengine. Hoteli yenye mtambo wa tope hai (ule wa tangi la hewa), jaribio la chupa likaonyesha kaboni imepungua, na ina mtu wa kushika mapipa kila siku: maji machachu, na machicha yake kilo 30 yaende kwenye biogesi ndogo au mboji. Huo ndio mpangilio tunaoupenda kuliko wote, kwa kuwa maji yanasafisha na machicha yanapika. Hoteli hiyohiyo ikiwa haina mtu wa uhakika, au tangi lake lisilo na hewa liko mwishoni: molasi. Mtambo wa watu wachache ambao nitrati yake iko sawa: usiongeze chochote. Anayempa mfugaji wa nguruwe makombo aendelee, mradi mfugaji ayachemshe vizuri. Makombo mabichi yenye nyama ya nguruwe ni njia mojawapo ya kusambaza homa ya nguruwe ya Afrika.

Njia yoyote utakayochagua, ipange kwa misimu. Masika ya Aprili na Mei wageni ni wachache, maji ya mvua yanaingia kwenye chemba na kuzimua majitaka, na makombo yanapungua wakati huohuo: punguza dozi kwa kufuata nitrati, si kalenda, na weka dumu moja la molasi la kuziba pengo. Desemba Moshi inajaa watu waliorudi nyumbani, jikoni zinatoa nyama na mafuta kuliko mwezi mwingine wowote, na amonia inapanda. Wiki hizo tenga ndoo mbili jikoni, ya wanga na matunda kwa mapipa, ya nyama kwa biogesi au shimo la mboji, na pima nitrati kila siku badala ya mara mbili kwa wiki.